Viwanja Viwili vya Ndege na Mama Mmoja
Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Mpenzi msomaji, katika likizo ya Agosti 2023 mimi nilikwenda bure mara tatu kutoka uwanja mmoja wa ndege hadi mwingine katika jiji letu la Nairobi, bila tiketi, bila mzigo, na bila nia ya kupanda ndege yoyote. Nilichookota huko ndicho ninachotaka kukusimulia.

Wakati huo nilikuwa Kidato cha Pili. Mama yangu alikuwa Doha, mji mkuu wa Qatar, akifanya kazi za nyumbani. Alikuwa ametimiza miaka miwili na miezi minne bila kutia mguu Kenya. Saa za Doha ni sawa na za Nairobi, kwa hivyo alipotupigia simu saa tatu usiku, hata kwetu Kangemi ilikuwa saa tatu usiku. Jambo hilo lilinifariji sana. Nilikuwa nikijiambia kwamba mtu ambaye saa yake na yako ni moja hawezi kuwa mbali.

Basi jioni moja Bibi alipiga simu kutoka Lamu. Babu, yaani baba yake Mama, alikuwa ameanguka na sasa hakuweza hata kuketi. "Mwambieni mwanangu aye," Bibi alisema kwa Kiamu chake. Kuya, kwa wasiojua, ndiko kuja. "Mwambieni aye upesi. Babake amuuliza yeye tu."

Mama aliomba ruhusa akapewa siku 14. Baba, ambaye ni bawabu wa usiku katika mtaa wa Lavington, alikopa hapa na pale mpaka tiketi ya ndege ya kwenda Lamu ikapatikana. Ilikuwa moja tu. Basi lingekuwa nafuu, lakini safari ya basi hadi Lamu humla mtu siku nzima au zaidi, na Mama hakuwa na siku za kuliwa. Ndege yake kutoka Doha ingetua Jumanne alfajiri. Ndege ya Lamu ingeondoka siku iyo hiyo saa nne asubuhi, na abiria walitakiwa wawe wamefika saa tatu na robo.

Shida ni kwamba ndege ya kwanza ingetua Jomo Kenyatta, kule Embakasi, na ya pili ingeondokea Wilson, kando ya Barabara ya Lang'ata. Baba alivua kofia yake ya kazi, akaniangalia, akasema, "Wewe ndiwe msomi wa nyumba hii. Kanitafutie jibu. Kutoka kule mpaka kule ni muda gani?"

Nilicheka moyoni. Nikachukua daftari la hisabati. Sote tumefundishwa kwamba muda ni umbali ukigawanywa kwa mwendo. Nilipima kwenye ramani nikaona kwamba viwanja hivyo viwili karibu viko kwenye mstari mmoja, kimoja mashariki na kimoja magharibi, na kati yao ni kilomita kama 12 tu akipita kunguru. Ndege ndogo iendayo kilomita 200 kwa saa ingemaliza mwendo huo kwa dakika nne zisizotimia. Kwa barabara ni kilomita kama 17. Gari likienda kilomita 50 kwa saa, jibu ni dakika 20 na sekunde chache. Nikampelekea Baba jibu langu kwa maringo.

Baba alilitazama, akauliza, "Hii gari yako inapita Nairobi gani?"

Nilinyamaza. Ndipo nilipoamua kwenda kuipima njia yenyewe.

Kabla sijaendelea, huenda msomaji akajiuliza kama nilivyojiuliza mimi: kwa nini jiji moja liwe na viwanja viwili, tena mtu alazimike kutoka kimoja aende kingine? Nilimwuliza mwalimu wetu wa historia, naye akanitolea jibu kwa mpango. Wilson ndicho kikongwe. Kilianza mwishoni mwa miaka ya 1920, na mwaka 1929 mama mmoja aliyeitwa Florence Kerr Wilson akaanzisha kampuni yake ya ndege, Wilson Airways, iliyokuwa na makao pale. Kiwanja chenyewe kiliitwa Nairobi West, kikabadilishwa jina kuwa Wilson mwaka 1962. Embakasi kilifunguliwa mwaka 1958, na kilijengwa kwa jasho la mahabusu wa wakati wa Hali ya Hatari, watu waliofungwa kwa ajili ya Mau Mau. Kabla ya hapo ndege kubwa zilikuwa zikitua Eastleigh. Mzee Kenyatta alipofariki mwaka 1978, Embakasi kikapewa jina lake.

Hawawezi kuviunganisha hivyo viwili kwa urahisi kwa sababu kila kimoja kina kazi yake. Njia ya kurukia ya Jomo Kenyatta ina urefu wa zaidi ya kilomita nne. Za Wilson hazifiki hata kilomita mbili. Dege la kutoka ng'ambo haliwezi kutua Wilson. Ila zile ndege ndogo ziendazo mbugani, pwani na kaskazini, pamoja na zile za Madaktari Warukao wa AMREF, ndiko kwao. Kwa hivyo atokaye mbali akienda karibu, sharti ahame.

Tuyarudie ya safari. Mara ya kwanza nilirauka, nikapanda matatu ya namba 23 kutoka Kangemi hadi mjini, kisha basi hadi Jomo Kenyatta. Pale nikajifanya kana kwamba ndiyo kwanza nishuke kwenye ndege. Nikatazama saa: ilikuwa saa tatu kamili asubuhi. Nikaandika. Nikapanda basi la kurudi mjini kupitia Barabara ya Mombasa, tukatambaa. Loo! Tulifika eneo la Bellevue magari yamesimama kama yaliyopangwa kwa ajili ya kuuzwa. Tulipofika mjini nilivuka Barabara ya Moi, nikateremka kwa miguu hadi steji ya Railways, nikapata matatu ya Rongai. Ilikaa ikijaza abiria mmoja mmoja huku makanga akipiga ubavu wa gari na kupiga kelele, "Rongai wawili, wawili tu wa kubeba!" Wawili hao walikuwa kumi. Niliposhuka Wilson ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi.

Saa moja na dakika 50! Nilipiga hesabu nikaona aibu. Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni ya Berlin mwaka 2022 alimaliza kilomita 42 na ushei kwa saa mbili, dakika moja na sekunde tisa. Kwa mwendo huo angetoka Jomo Kenyatta hadi Wilson kwa miguu yake kwa dakika 49, akanywa chai, akaningoja saa nzima.

Kabla ya kushuka nilimweleza yule makanga nilikotoka. Alinikodolea macho. "Sasa wewe, umetoka eapoti ukaenda tao ndio uje Wilson? Si ungeshukia Nyayo, uvuke barabara, ushike gari ya Lang'ata? Umezunguka bure, boss." Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Siku ya pili nilishuka kwenye uwanja wa michezo wa Nyayo kama alivyoniambia. Nilitumia saa moja na dakika tano. Nilikuwa nimeokoa dakika 45 kwa kuuliza swali moja.

Mara ya tatu Baba Mdogo, ambaye ana teksi pale Kangemi, alinichukua baada ya kumshusha mteja uwanjani. Yeye hakupita Nyayo. Kabla hajafika Nyayo, bado yuko kwenye Barabara ya Mombasa, alishika kushoto akaingia Southern Bypass, ile barabara iliyopita ukingoni mwa Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Barabara hiyo inapita nyuma ya Wilson kabisa, hata unaziona ndege zikishuka, kisha inaikuta Barabara ya Lang'ata nawe unarudi nyuma kidogo. Ilikuwa saa sita mchana. Dakika 28.

Nikampa Baba jibu langu jipya. "Kwa Bypass, mchana, dakika 28. Asubuhi tuweke 40. Kwa Nyayo asubuhi, saa moja au zaidi." Baba alilisoma mara mbili, akanigonga bega. "Hilo sasa ni jibu," akasema.

Msomaji mpenzi, nilikuwa nimejivuna sana kwa kazi hiyo, na katika kujivuna kwangu kuna jambo moja ambalo sikuliona. Niliendelea kutoliona mpaka Jumanne yenyewe.

Jumanne hiyo Baba alikuwa zamu. Hangeweza kuwahi Jomo Kenyatta, kwa hivyo tulikubaliana akutane nasi Wilson. Mimi na Baba Mdogo tulitoka Kangemi jogoo la kwanza. Ndege ilitua saa moja kasoro dakika tano. Abiria wakaanza kutoka, wazungu na mabegi ya mgongoni, wafanyabiashara, na wasichana wengi waliovaa mabuibui wakisukuma masanduku makubwa kuliko wao. Kila mara mlango ulipofunguka moyo wangu uliruka. Saa mbili na dakika tano akatoka Mama.

Nilikuwa nimejiandalia maneno. Yote yaliniruka. Yeye naye alinipita! Alinipita hatua mbili, akasimama, akageuka. "Ndiwe?" akauliza. Nilikuwa nimemzidi kimo. Nikasema, "Shikamoo Mama," nikalia mbele ya watu kama mtoto wa nasari. Sioni haya kuliandika.

Saa mbili na robo tulikuwa garini. Mama aliketi nami kiti cha nyuma, mkono wangu mikononi mwake. Mikono yake ilikuwa mikavu na migumu, si kama niliyoikumbuka. Aliniuliza nimekula. Akaniuliza Baba anakohoa bado. Akaniuliza nimekuwa wa ngapi mtihani wa muhula wa pili, nikamwambia, akacheka. Nami nilikuwa na mengi ya kumwuliza yeye, lakini niliona bora kuanza na madogo, makubwa yaje baadaye.

Hapo ndipo nilipotambua. Baadaye gani? Mama alikuwa akienda kwa Babu. Siku zake zilikuwa 14. Shule yetu ya bweni ingefunguliwa kabla hajarudi kutoka Lamu. Nauli ya mimi kumfuata haikuwapo. Kwa hivyo muda wangu na Mama, baada ya miaka miwili na miezi minne, ulikuwa ni huu tu wa kutoka uwanja hadi uwanja. Na mimi, msomi wa nyumba, nilikuwa nimemaliza wiki nzima nikitafuta njia ya kuufanya uwe mfupi!

Juu ya vichwa vyetu kulikuwa na ile barabara ya kulipia, Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Mtu akiipanda pale eapoti hufika Westlands haraka, na Kangemi iko mbele kidogo tu ya hapo. Mama aliinua macho akaitazama kwa dirisha. Alipoondoka nchini bado ilikuwa ikijengwa. "Hiyo yaenda wapi?" akauliza.

"Yaenda nyumbani," nikamjibu.

Hakusema kitu. Aliegemeza kichwa chake begani mwangu.

Tulipokaribia makutano, magari yalikuwa mengi. Baba Mdogo aliniangalia kwa kioo. "Haya, bwana ramani," akasema, "nishike Bypass ama twende na Nyayo?"

Msomaji, swali hilo lilikuwa dogo, na Baba Mdogo aliliuliza kwa mzaha tu. Lakini mimi nililijua jibu la kila upande kwa dakika. Ilikuwa saa mbili na dakika 35. Nikisema Nyayo ningempata Mama saa moja, pengine na zaidi. Nikisema Bypass, dakika 20 au pungufu. Hakuna aliyejua daftari langu kuliko mimi. Ningesema kwamba Bypass imefungwa, nani angebisha? Shetani hakosi la kunena. Aliniambia kwamba ndege ya Lamu ikimwacha, Mama atalala Kangemi usiku mmoja tu, na usiku mmoja ni kitu gani?

Nikamkumbuka Bibi na sauti yake. Mwambieni aye.

"Bypass, Baba Mdogo," nikasema.

Tukapinda kushoto. Upande wa mbuga nyasi zilikuwa zimelowa umande wa Agosti, na nyuma ya ua niliona swara wamesimama wakitafuna. Niligeuka nimwonyeshe Mama. Alikuwa amelala. Alikuwa amesafiri usiku kucha, na kabla ya hapo, kama nilivyokuja kujua, alikuwa amefanya kazi mpaka saa ya kwenda uwanjani. Nilitulia nisimwamshe. Nusu ya zile kilomita zangu 17 nilizipitisha hivyo, bila neno, nikishikilia bega langu lisitikisike. Sijui kama kuna kilomita nilizozipenda zaidi.

Tulifika Wilson saa mbili na dakika 55. Dakika 40 kamili, kama nilivyoandika. Baba alikuwa tayari langoni na sare yake ya kazi, ameshika kofia mkononi. Alikuwa ametoka Lavington kwa matatu mbili, kisha akamalizia kwa miguu kupitia Barabara ya Mbagathi. Alimsogelea Mama polepole kana kwamba anaogopa kumwangusha. "Karibu nyumbani, Mama watoto," akasema, nasi sote tukajua kwamba pale si nyumbani.

Kisha likatokea jambo ambalo sikuwa nimelipima. Mama alikuwa na masanduku mawili, kilo 46 zote pamoja. Tiketi ya Lamu ilimruhusu kilo 15. Nilikuwa nimehesabu kilomita, nikahesabu dakika, sikuhesabu kilo! Tulitandika gunia chini kwenye maegesho, tukayafungua masanduku hadharani. Mama akachagua. Alichukua msahafu wa maandishi makubwa alioununua kwa sababu ya macho ya Babu, kanzu moja nyeupe, dawa za kuchua, na doti mbili za leso za Bibi. Mengine yote akayasukuma upande wetu. Mkono wake ulifika kwenye boksi la viatu. "Hivi ni vyako," akaniambia. "Vaa nikuone."

Nilijaribu. Vilikuwa namba 5, nami nilikuwa navaa namba 8. Kisigino hakikuingia hata nusu.

Mama alitazama mguu wangu kwa muda. "Kumbe nilikuwa nikimnunulia yule niliyemwacha," akasema. Akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, akafunga mfuko wake. Saa tatu na dakika kumi aliingia ndani. Saa nne na ushei tuliiona ndege yake ndogo ikiinuka. Baba alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena.

Babu alimtambua mwanawe. Alishika msahafu, ingawa Mama ndiye aliyesoma. Aliishi siku tisa baada ya hapo. Kwa desturi yetu maiti hailazwi, kwa hivyo alizikwa siku iyo hiyo, na Mama alikuwapo. Kama ningemchelewesha kwa siku moja, zingekuwa siku nane. Kwa mtu mwingine hiyo ni tofauti ya namba moja tu.

Wanafunzi wenzangu, siku hizi mtu akiniuliza kutoka Jomo Kenyatta hadi Wilson ni muda gani, mimi humwuliza kwanza: saa ngapi, kwa njia gani, na unakwenda kumwona nani? Hesabu ya kitabuni ni ya kweli, lakini haijui Bellevue, haijui kilo 15, wala haijui mtu aliyelala begani kwako. Waliosema kawia ufike walisema kweli, na waliosema chelewa chelewa utapata mwana si wako nao walisema kweli. Kazi yetu ni kujua leo ni siku ya methali ipi.

Mama alirudi Doha nikiwa shuleni. Alitua Wilson akitoka Lamu, na jioni iyo hiyo akapanda ndege Jomo Kenyatta. Safari hiyo ya pili sikuwapo. Lakini nilipofunga shule mwezi wa Novemba nilifungua lile daftari langu la hisabati, na chini ya hesabu zangu, kwa mwandiko wa Baba ambao huegemea upande kama mtu aliyechoka, nilikuta ameandika: "Wilson hadi eapoti, jioni, kwa Bypass. Dakika 41. Mama hakulala njiani. Alikuwa akikuuliza wewe."